Pesa Isiyobebwa

Mume wangu ni mtu wa kubeba. Tukienda sokoni Newtown, hapa Johannesburg, mifuko yote iko kwake, tukisafiri pasi za familia nzima zinakaa kifuani pake, na bili ya umeme ataipeleka mwenyewe hadi dirishani, apange foleni, agongewe muhuri, ingawa binti yetu wa miaka kumi na miwili angeweza kuilipa kwa simu huku anakunywa chai. Nimeishi naye tangu nikiwa msichana wa Morogoro, na nimemzoea. Lakini mwaka jana, tulipohamisha akiba ya masomo ya huyo binti, kitinda mimba wetu, nilimchukia mume wangu kwa muda wa wiki mbili hivi. Nasema bila aibu kwa sababu mwenyewe alijua, na jioni zote hizo ndiye aliyepika.

Akaunti yenyewe ni ya aina ambayo serikali ya hapa haiitozi kodi. Unamfungulia mtoto kwa jina lake, unaweka kidogo kidogo, na chochote kinachozaa humo ni chenu chote. Nyumbani tuliiita akaunti ya chuo. Tangu mtoto anaanza chekechea nilikuwa natia humo kila nilichoweza kubana kutoka kwenye kazi yangu ya kufundisha Kiswahili pale Braamfontein, na mume wangu, ambaye ni fundi bomba, alikuwa anatia chake kila akipata kazi kubwa. Ila serikali nayo ina masharti yake. Kuna kikomo cha kuweka kwa mwaka, na kuna kikomo kingine cha maisha yote ya mtoto. Ukizidisha kile cha mwaka, ile ziada inakatwa senti arobaini katika kila randi. Na ukitoa pesa, nafasi yake haikurudii. Ni kama foleni ya ofisi ya uhamiaji: ukitoka kwenda kununua maji, nafasi yako imekwenda, hata kama wewe umerudi na chupa mkononi.

Shida yetu ilikuwa benki. Pesa ilikuwa imelala pale miaka yote kama mgonjwa, faida kiduchu, na kila nikiuliza naambiwa bei zimebadilika. Kulikuwa na kampuni moja ya uwekezaji hapo hapo Braamfontein iliyokuwa inatoa masharti mazuri zaidi, na sheria inaruhusu kuhama. Lakini sharti ni moja: pesa itoke kwa hawa iende kwa wale moja kwa moja, bila kupita mikononi mwenu. Hapo haihesabiwi kwamba mmetoa wala kwamba mmeweka. Nilipoelezwa hivyo nilifurahi, nikadhani ni jambo la asubuhi moja.

Walinipiga danadana mwezi mzima. Benki ilisema kampuni ndiyo inayoanzisha. Kampuni ikasema sawa, tunaanzisha, lakini tuletee uthibitisho kutoka benki. Benki ikasema uthibitisho unatoka kwenye simu. Simu ikasema mwenye akaunti hajafikisha umri, tafadhali fika tawini. Nikafika tawini, kijana mmoja mwenye tai akaniuliza kwa upole kama mtoto mwenyewe hawezi kuja. Nikamwambia mtoto yuko shule, na hiyo pesa ndiyo ya kumwendeleza na shule. Akaandika kitu kwenye kompyuta, akasema nirudi baada ya siku chache. Niliporudi hakuwepo, na aliyekuwepo hakuona alichoandika mwenzake. Ilifika mahali nikiona tu rangi ya bango la benki ile kutoka upande wa pili wa barabara, taya linaniuma.

Hatimaye karatasi zikakamilika, zikabaki sahihi zetu wawili. Jioni nilimweleza mume wangu hatua kwa hatua, mezani, mtoto akifanya kazi yake ya shule pembeni. Nilimweleza taratibu maana namjua. Aliweka kijiko chini.

"Nani anaibeba?" akauliza.

"Hakuna mtu anayeibeba, baba watoto. Benki inaituma, kampuni inaipokea."

"Sasa ikitoka kwao na kwa wale haijafika, iko kwa nani?"

Lilikuwa swali zuri. Nilikwishauliza hilo hilo pale kampuni, wakaniambia iko kwenye mchakato. Nikamwambia iko kwenye mchakato. Akanitazama kama niliyemwambia iko mbinguni.

"Sharp," akasema, akachukua tena kijiko. Kwa watu wa mji huu neno hilo lina maana ya sawa, tumeelewana. Kwa mume wangu lina maana kwamba mazungumzo yamekwisha na atafanya anavyojua yeye. Ningepaswa kushtuka hapo hapo, lakini nilikuwa nimechoka na benki, nikafurahi kwamba hakubisha.

Siku chache baadaye nilikuwa darasani, nafundisha salamu kwa wanafunzi ambao mpaka muhula unaisha walikuwa bado wanamwambia kila mtu shikamoo, hata mbwa. Simu ikaita, namba nisiyoijua. Nikaikata. Ikaita tena. Nikatoka nje.

"Allô, mama, bonjour," ikasema sauti ya mwanamume, Mkongomani kabisa. "Miye ni sentinelle wa huku kwa hii kampuni ya feza, hapa Braam. Mzee yako iko hapa kwetu mu réception. Haiko mubaya, usiogope. Alakini anasema hatatoka mpaka bamupatie reçu."

"Risiti ya nini?"

"Ya makuta, mama. Iko nayo mu sakoshi. Na hapa habapokeake makuta mu mikono."

Makuta kwao ni pesa, na sakoshi ni mkoba. Niliwaambia wanafunzi wasome ukurasa wowote wanaoupenda, nikatoka. Si mbali, ni mitaa michache tu kutoka darasani kwangu, lakini kila robot, ndiyo taa ya barabarani kwa watu wa huku, niliyofika ilikuwa nyekundu, na nilisimama pale barabarani nikiongea peke yangu.

Ofisi za kampuni ile hazina kaunta. Ndilo jambo ambalo mume wangu hakulitegemea. Hakuna dirisha la keshia, hakuna muhuri, hakuna mtu anayelamba kidole na kuhesabu noti. Kuna mimea mikubwa ndani ya vyungu, mashine ya kahawa, viti vya rangi ya majivu, na binti mmoja wa mapokezi mwenye kucha ndefu aliyekuwa ameshaeleza kwa Kiingereza na kwa Kizulu mpaka akachoka. Mume wangu alikuwa amekaa katikati ya usafi huo wote amevaa ovaroli ya kazi, mkoba wake wa vifaa juu ya mapaja. Ovaroli alikuwa ameivaa makusudi. Hakuna anayempora fundi bomba Johannesburg, ndivyo alivyoniambia baadaye, tena kwa fahari. Pesa ilikuwa chini kabisa ya mkoba, ndani ya mfuko wa mkate, juu yake spana, juu ya spana kipande cha bomba.

"Mama watoto," akasema aliponiona, kama mtu aliyepata mkalimani, "waambie waandike risiti, niondoke."

"Umetoa yote?" nikamuuliza.

"Yote? Hapana, wewe. Sehemu tu. Huwezi kupitisha mzigo wote njia moja. Kwanza unapima njia."

Nikakaa kwenye kiti cha jirani. Yule mlinzi aliyenipigia akaniletea maji bila kuombwa. Mume wangu akaendelea kunieleza, kwa sauti ya chini ili binti wa mapokezi asisikie, kwamba alikwenda benki, akajaza fomu ya kutoa kama mzazi, hawakumsumbua hata kidogo. Hilo ndilo lililonipandisha presha kuliko yote. Mimi niliyetaka kuhamisha kwa utaratibu nilizungushwa mwezi mzima. Yeye aliyetaka kuharibu alimaliza kabla ya saa ya chai.

Binti wa kucha akamwita mtaalamu wao, mwanamume mpole mwenye soksi za maua, akatueleza yale yale niliyokuwa nayajua. Pesa hii sasa imetoka. Tukiitia kwenye akaunti mpya itahesabiwa kama mchango mpya. Na mchango wa mwaka ule nilikuwa nimeshaumaliza mwenyewe, kwa mkupuo, zamu yangu ya mchezo wa kina mama ilipofika, huo mchezo ambao wenyeji wanauita stokveli. Kwa hiyo tukiiweka leo, kila randi itakatwa senti zake arobaini. Tukisubiri mwaka wa kodi ugeuke tunaweza kuitia, lakini itakula nafasi ambamo tungeweka pesa nyingine. Na katika kile kikomo cha maisha, pengo litabaki pale pale mpaka mtoto anakuwa bibi kizee.

"Lakini pesa hii hapa," mume wangu akasema, akapiga mkoba kwa kiganja. "Haijapungua hata senti."

"Ndiyo, baba," mtaalamu akasema. "Pesa ipo."

Tulirudi nyumbani, Joubert Park, kwa basi la mwendokasi. Yeye alikaa nyuma na mkoba wake, mimi nikaenda kukaa kiti cha mbele kabisa, karibu na dereva, na sikugeuka njia nzima. Lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa kama kawaida, tukapanda ngazi, yeye nyuma yangu, na nilisikia spana zikigongana kila ghorofa.

Ugomvi ulikuwa mkubwa, na siyo wa kujivunia. Nilimwambia yeye ni mtu wa kale. Nilimwambia vita vya ukombozi vimekwisha zamani, nchi yake alikwisharudishiwa, na hakuna askari anayemfuata Braamfontein. Nilimwambia angekuwa ameibiwa ningemhurumia zaidi. Akawa anarudia neno lile lile, pesa ipo, pesa ipo, akaitoa kwenye mfuko wa mkate na kuiweka mezani ili niione, na nilitamani kuitupa dirishani.

"Pesa ipo," nikasema. "Nafasi ndiyo haipo."

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule. Yeye Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza, na ndivyo alivyouliza: hiyo nafasi ilikuwa ya nani? Nikamwambia ni yake. Akafikiri. Akauliza kama wanaweza kumrudishia. Nikamwambia hapana, hata akiwaomba. Akamtazama baba yake, si kwa hasira, alimtazama tu, kisha akaenda chumbani. Mume wangu akarudisha noti kwenye mfuko, polepole.

Inabidi nieleze alikotoka, maana kwa wasomaji wangu wengine ataonekana mjinga, na mjinga siyo. Alitoroka Soweto enzi za makaburu, akiwa kijana wa shule, kama wengine wa rika lake, akapitia Botswana, akafikishwa Morogoro kwenye shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini. Huko kila kitu kilisafiri kwa mtu. Barua, viatu, dawa, habari za kifo, vyote vilikuja mfukoni mwa mtu, kwa vipande, kwa njia tofauti, ili kipande kimoja kikikamatwa kingine kifike. Huo ndio utaratibu uliomlea. Sasa alipata nafasi chuo cha ufundi Dar es Salaam, akataka uhandisi. Mama yake kule Soweto, mfuaji wa nguo za watu, akakusanya ada ya kuanzia akampa mtu, mtu akampa mtu mwingine, na habari zikaja kwamba mzigo uko njiani. Mume wangu akawa anakaa getini kuungoja.

Mimi nilikuwa napita hapo kila asubuhi na ndoo ya maziwa. Nilimwona kijana amekaa juu ya jiwe, kofia magotini, macho barabarani. Nilidhani ni mlinzi. Siku ya kwanza nilimsalimia, siku ya pili akanisalimia yeye, na baadaye nilianza kumwachia kikombe. Mzigo haukufika. Aliyekuwa nao hakujulikana ni nani, au alijulikana na watu wakanyamaza. Nafasi ya chuo akapewa mwingine, na mume wangu akajifunza mabomba kwa kumfuata fundi mmoja wa mjini. Tangu hapo kitu chake hakibebwi na mtu mwingine. Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua hata siku ile kwenye basi, na bado nilikuwa na hasira naye, kwa sababu kumwelewa mtu hakurudishi nafasi ya mtoto.

Kilichobaki benki, ambacho namshukuru Mungu kilikuwa ndicho kingi, tukakihamisha kwa utaratibu. Tulikwenda wote wawili kutia sahihi. Yeye alitia yake bila kuuliza swali hata moja. Mtaalamu wa soksi za maua akatuambia turudi nyumbani tusubiri ujumbe kwenye simu. Nikamwambia mume wangu mbele yake, kwa Kiswahili, kwamba akigusa tena akaunti ile nitarudi Morogoro na mtoto nitaondoka naye.

Kesho yake asubuhi alivaa shati jeupe, akachukua kofia, akasema anatoka. Nilidhani ana mteja. Mchana yule mlinzi Mkongomani akanipigia tena.

"Mama, mzee iko hapa."

"Ana mkoba?"

"Hapana. Ana kofia tu. Anasema anangojea."

Nilitaka ardhi inimeze. Jioni nilimuuliza anangojea nini, akasema anaipokea. Nikamwambia hakuna cha kupokea, haiji kwa mlango. Akasema anajua. Nikamwambia ananiaibisha, mimi nafundisha mtaa ule, wanafunzi wangu wananunua kahawa pale mbele. Akasema hatamsumbua mtu, atakaa kimya. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa yake. Kazi za watu zikalala, mwanamke wa ghorofa ya tatu akawa ananipigia mimi kuhusu choo chake. Binti wa kucha alianza kumpa kahawa. Mlinzi akamgeuzia kiti kiangalie barabara, wakawa wanaongea habari za Bukavu na Morogoro, kila mtu na Kiswahili chake. Siku moja nilipita upande wa pili wa barabara makusudi, nikamwona kupitia kioo: amekaa wima, kofia magotini, macho mlangoni. Nilisimama kidogo. Kisha nikaendelea na safari, maana nilikuwa nimechelewa darasani, na nilikuwa bado sijamsamehe.

Ujumbe uliingia nikiwa katikati ya somo. Niliusoma mara mbili, nikafunga kitabu, nikavuka kwenda kampuni. Mlinzi akanifungulia mlango kabla sijausukuma. Mume wangu aliniona lakini hakuinuka.

"Imefika," nikamwambia.

"Nani kaileta?"

"Hakuna mtu. Imekuja."

Akanyoosha mkono, nikampa simu. Aliishika mbali na macho, maana miwani huwa hatembei nayo, akasoma polepole, midomo ikicheza, jina la mtoto, kisha tarakimu, kisha jina la mtoto tena. Binti wa mapokezi alikuwa ameacha kuandika.

"Yote?" akauliza.

Nilikuwa na jibu tayari kwa wiki mbili, nimelinoa jikoni, nimelinoa kwenye basi. Sasa lilipofika wakati wake nilitamani nisilitoe, lakini ukweli ni ukweli, na nilikuwa nimechoka.

"Yote," nikasema. "Isipokuwa ile uliyoibeba wewe."

Akatazama barabara. Kisha akanirudishia simu, akavaa kofia, akainuka kwa kushikilia mkono wa kiti.

"Eish," akasema. "Basi twende."

Akanyoosha mkono apokee mkoba wangu. Ulikuwa na madaftari ya wanafunzi tu, mzito bila sababu. Nikampa abebe.